Ncha ya Pili ya Kamba

Marehemu mama yangu alikuwa na hesabu mbili za watu wa nyumba yake. Akija mtu mwenye karatasi, sisi tulikuwa watano: baba, mama na watoto watatu. Akishika mwiko, tulikuwa kumi na wawili, maana hapo alimhesabu shangazi aliyekuja mjini kutibiwa akakaa miaka minne, wapangaji wawili wa chumba cha uani, binamu zetu watatu waliokuwa wakitafuta vibarua Kariakoo, na bibi mmoja wa kutoka Utete ambaye undugu wake na sisi hakuna aliyeweza kuueleza mpaka mwisho. Hesabu ya kwanza iliandikwa. Hesabu ya pili ndiyo iliyopikiwa.

Nilikuwa mtoto, sikuona ajabu yoyote. Leo, baada ya kufundisha miaka mingi na kustaafu nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nimerudi kukaa katika nyumba ile ile ya Magomeni, na hesabu mbili za mama hazinitoki akilini. Naamini ndani yake mna somo zima ambalo wataalamu wameliundia taaluma na kuipa jina: saikolojia ya jumuiya. Msomaji asitishwe na jina. Jambo lenyewe ni swali la kawaida kabisa: ukitaka kuwasaidia watu wengi kwa pamoja, utajuaje wanachohitaji, utafanya nini, na utajuaje kama ulichofanya kimewafaa?

Nianze na nyumba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilipima mitaa ya Waafrika nje ya Kariakoo, na Magomeni ikawa mmojawapo, pamoja na Temeke. Baba, aliyekuwa kibarua bandarini, alipata kiwanja. Nakumbuka siku fundi alipokuja kupima msingi: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, nyuma uani, jiko na choo. Fundi alishika ncha moja ya kamba, baba akashika ncha ya pili. Kila kamba ilipokaa mahali baba asipopaafiki, aliivuta, fundi akaguna, wakapima upya. Nyumba ile imesimama mpaka leo. Mitaa michache kutoka kwetu, katika Mtaa wa Ifunda, iko nyumba aliyokaa Mwalimu Nyerere katika miaka ya kupigania uhuru, ambayo sasa ni makumbusho.

Watu wenye karatasi walipita mara nyingi katika mitaa hii. Anayejulikana zaidi ni J. A. K. Leslie, afisa wa serikali ya kikoloni aliyeongoza uchunguzi wa maisha ya Waafrika wa Dar es Salaam mwaka 1956, wakati mji mzima ulikuwa na watu wapatao 129,000 tu. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1963. Nilikisoma nikiwa mtu mzima, na lazima nikiri kwamba ni kazi ya mtu mwenye macho. Alieleza upangaji, madeni, ujirani na vijana wasio na kazi kwa ukaribu ambao maafisa wengi wa wakati wake hawakuwa nao. Hata hivyo kilikuwa kitabu cha mtu aliyeshika ncha zote mbili za kamba. Maswali yalitungwa ofisini, majibu yakarudi ofisini, na mama zetu waliojibu hawakuulizwa kama wenyewe walikuwa na swali.

Taaluma ninayoizungumzia ilipata jina lake huko Marekani, mwezi Mei 1965, katika mkutano wa wanasaikolojia uliofanyika mjini Swampscott, jimbo la Massachusetts. Walikuwa wamechoka kukaa zahanati wakingoja mgonjwa mmoja mmoja aje na huzuni yake. Walisema huzuni nyingine haianzii kichwani mwa mtu. Inaanzia katika nyumba iliyobana, kazi isiyopatikana, mtaa ambao hakuna anayemsalimu mwenzake. Kwa hiyo mtaalamu hana budi kutoka nje. Kwanza apime hali pamoja na watu, asipime mapungufu yao tu bali na nguvu walizo nazo. Kisha achukue hatua, ambayo siku hizi huitwa afua, inayogusa mazingira yao na si nafsi ya mtu mmoja. Mwisho arudi afanye tathmini, wenyeji wakiwa wakaguzi wenziwe. Mwalimu wa saikolojia Kurt Lewin alikuwa amekwisha kufungua njia hiyo mwaka 1946, alipoandika juu ya utafiti unaokwenda sambamba na vitendo.

Nami niliyafundisha hayo, kwa kiasi chake, katika vyuo. Lakini sikuyajua kwa kusoma. Niliyajua kwa kosa nililolifanya mwaka 1973, ambalo sikuwahi kulisimulia mbele ya wanachuo wangu hata siku moja.

Mwaka ule nilikuwa na miaka 23, mwalimu mgeni wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Uzaramo. Ndio mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya. Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Wizara ya Afya ziliiandaa, Radio Tanzania Dar es Salaam ikaitangaza kwa majuma 12, na watu wapatao milioni 2 wakajiunga katika vikundi nchi nzima, wakiongozwa na viongozi karibu 75,000 waliopewa mafunzo mafupi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Kila juma tulikusanyika chini ya mwembe kuizunguka redio. Kipindi kikiisha, anayejua kusoma aliwasomea wenzake kitabu, tukajadili malaria, safura, kichocho au kuhara, kisha tukakubaliana jambo la kufanya kabla ya juma lijalo. Kufyeka majani, kuchemsha maji, kuchimba choo.

Nisije nikaeleweka vibaya. Kampeni ile ilikuwa kazi kubwa, na mpaka leo inatajwa duniani kama mfano. Ilikuwa na sehemu zote tatu: watafiti walikagua nyumba za vijiji vya mfano kabla ya kuanza, vikundi vikafanya kazi, na watafiti wakarudi kukagua tena, wakakuta vyoo vimeongezeka sana. Watu walichimba kwa jembe lao, bila kulipwa. Kosa ninalolisema ni langu peke yangu.

Mwishoni nilitakiwa kupeleka kwenye kata taarifa ya kijiji changu. Jumamosi moja nilitembea nikiwa na daftari, nikipita njiani na kuandika kila nilipoona ukuta wa makuti nyuma ya nyumba: choo kipo, choo kipo, choo kipo. Jioni nilikuwa nimemaliza, na hesabu ilikuwa nzuri sana. Katika kikundi changu alikuwamo bibi mmoja mjane, mkunga wa jadi, ambaye alizoea kuketi mbali kidogo na redio akisuka ukili. Nilipita kwake, nikamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwalimu. Umeandika?"

"Nimeandika, bibi. Kijiji chetu kimefanya vizuri."

"Umeandika kuta," akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ukili wake.

Kesho yake alinizungusha. Ukuta wa kwanza ulikuwa na shimo lisilofika kiunoni, kwa sababu upande ule wa kijiji maji yako karibu na shimo hujaa likichimbwa. Wa pili ulihifadhi kuni. Wa tatu ulikuwa choo hasa, kirefu na safi, lakini kilitumiwa na mzee mwenye nyumba tu. Mkamwana wake hawezi kuonekana akiingia anapoingia baba mkwe; yeye na watoto wake walikwenda porini alfajiri. Tulikwenda nyumba baada ya nyumba namna hiyo. Bibi hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba kama tungewauliza wanawake mwanzoni, wangechagua mahali pengine pa kuchimba, na wangetaka mashimo mawili mafupi kila mji badala ya moja refu.

Zaidi ya nusu ya vyoo nilivyoviandika havikuwa vyoo. Nilimwambia bibi kwamba nitaandika upya. Lakini taarifa ilikuwa imekwisha kwenda na gari la asubuhi, na jina langu lilikuwa limetajwa kwa sifa katika mkutano. Nilikuwa kijana, nilitaka kupendekezwa kwenda chuoni kusomea ukufunzi. Nikaahirisha juma moja, nikaahirisha la pili. Mwaka uliofuata nikahamishwa. Karatasi ile sikuirekebisha.

Mwaka 1977 kipindupindu kiliingia Pwani, kikaendelea mwaka 1978. Nilikuwa mbali. Barua ya mwalimu mwenzangu ilinifikia ikieleza habari za shule, na katikati, katika mstari mmoja, ikataja waliofariki kijijini. Jina la bibi yule lilikuwamo.

Sisemi kwamba karatasi yangu ndiyo iliyomuua. Kipindupindu kina njia nyingi, na mtu mzima anaweza kuugua hata palipo na vyoo vya kutosha. Ninachosema ni kwamba katika kijiji kizima ni mtu mmoja aliyejua kupima, akanipa kipimo chake bure, nami nikakiweka mfukoni kwa sababu ya sifa. Kwenye makaratasi, kijiji kile hakikuwa na shida ya vyoo, na kijiji kisicho na shida hakitembelewi.

Katika miaka ile ile, hapa hapa nchini, walikuwapo watu waliokuwa wakilihangaikia swali hili kwa uaminifu kuliko mimi. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, alikuwa ameishi na Wazaramo wa Bunju katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, akajifunza kutoka kwa wanawake. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliwapeleka wanafunzi vijijini wakafanye utafiti pamoja na wanakijiji, si juu yao. Baadaye, kuanzia mwaka 1975 hadi 1979, ulifanyika mradi wa Jipemoyo katika wilaya ya Bagamoyo, watafiti Watanzania na Wafini wakikaa na wakulima na wafugaji, wakizungumza nao matatizo yao mpaka wenyewe watafute njia. Katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, Budd Hall, aliyeshughulikia utafiti pale, aliona vilevile kwamba dodoso peke yake linachukua habari kwa watu bila kuwarudishia chochote. Ndiyo maana wanahistoria wa taaluma hizi, wanapoeleza chimbuko la utafiti shirikishi, huitaja Tanzania miongoni mwa nchi za kwanza. Tulikuwa na hazina hiyo mlangoni, na wengi wetu tuliokuwa na daftari mkononi tulipita njiani tukihesabu kuta.

Msomaji anaweza kusema: sawa, lakini kuwashirikisha watu ni maneno ya wema tu, kipimo cha kweli kinataka ukali. Mfano mmoja kutoka Zimbabwe unamjibu. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi katika mtaa wa Mbare, mjini Harare, mwaka mmoja baada ya serikali ya huko kubomoa makazi ya watu wengi. Hakuwa na wauguzi wala jengo. Alichopata ni bibi 14, wahudumu wa afya wa mtaani, na mabenchi nje ya zahanati. Yeye alikuwa amekusudia kuliita benchi la afya ya akili. Bibi wale wakamwambia hakuna mtu atakayekubali kuonekana amelikalia. Wakataka liitwe benchi la urafiki. Badala ya kutumia jina la ugonjwa lililotoka ng'ambo, walitumia neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Na dodoso la kupima lilitungwa kwa Kishona, kwa dalili ambazo watu wenyewe huzisema.

Kisha wakajipima kwa ukali wote unaotakiwa. Wagonjwa 573 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapata benchi na nusu wakapata huduma ya kawaida iliyoongezewa kidogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache zaidi kuliko wenzao. Tazama, basi. Bibi walishika ncha ya pili ya kamba, na kipimo hakikulegea. Kwa maoni yangu kilikaza zaidi, kwa sababu kilipima kitu kilichokuwapo.

Nirudi Magomeni, maana huko ndiko ninakoamkia. Desemba 2011 mafuriko yalishuka katika bonde la Msimbazi, kati yetu na Kariakoo, yakaua watu wapatao 40. Waathirika wengi walipewa viwanja Mabwepande, mahali pa juu, pasipofikwa na maji. Ilikuwa nia njema. Lakini Mabwepande iko zaidi ya kilomita 30 kutoka Kariakoo, na mama auzaye maandazi au kijana abebaye mizigo sokoni anaishi kwa kutembea kwa miguu. Baadhi yao walirudi bondeni. Watu waliwaita wakaidi. Mimi nadhani walipimwa kwa maji tu, hawakupimwa kwa mkate. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Halafu iko Magomeni Kota. Nyumba zile za enzi ya ukoloni zilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, kaya 644 zikaondoka kwa ahadi ya kurudi. Miaka ikapita, majani yakaota. Wakazi wale walitawanyika mji mzima, lakini hawakuacha kudai kwa pamoja, na wakaendelea kuitwa kwa hesabu ile ile, kaya 644, kana kwamba ni ukoo. Mwaka 2016 rais wa wakati huo, Dkt. John Magufuli, aliagiza wajengewe. Na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua maghorofa. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliofurahi. Katika nchi yoyote, maskini kuondolewa katikati ya mji na kisha kurudishwa pale pale si jambo la kila siku.

Nina mama mmoja, rika langu, ambaye tulicheza naye rede utotoni. Amepata nyumba ghorofani. Nilimtembelea, akaninywesha chai, akanionyesha bomba la maji na dari isiyovuja. Alishukuru kwa moyo wote. Kisha akanyamaza kidogo.

"Kaka," akaniambia, "kule chini nilikuwa nikipiga chafya, mtu ananijibu 'afya' kutoka uani kwa jirani. Hapa nikipiga chafya najijibu mwenyewe."

Mwanasaikolojia Seymour Sarason aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 1974: kwamba mtu kujihisi ni wa wenzake ndiyo roho ya kazi hii yote, na kwamba mpango wowote upimwe kwa kuangalia kama umeongeza hisia hiyo au umeipunguza. Dada yangu huyu hajamsoma Sarason. Alichofanya ni kutandika mkeka kwenye ujia wa ghorofa yake, jioni, akaweka birika. Siku ya kwanza alikaa peke yake. Nilipomtembelea mara ya pili walikuwa wanawake saba wakichambua mchele, na mmoja wao alikuwa amejifungua majuzi. Mtoto alipita mkono hadi mkono.

Nilitoa daftari, maana mazoea ni kama sheria. Nilitaka kuandika kaya ngapi, watu wangapi kila kaya. Dada akanishika mkono.

"Usiandike hivyo, kaka. Hivyo wameshaandika wengi. Andika nani humgongea nani mlango akiishiwa chumvi. Na nani hana wa kumgongea. Hao wa mwisho ndio tuwatafute."

Nikaandika kama alivyoniambia, yeye akitaja na wenzake wakimsahihisha. Ilichukua jioni nzima. Walipatikana watatu wasio na wa kumgongea, mmoja wao mzee wa kiume aliyefiwa na mkewe. Kabla sijaondoka, bakuli la uji lilikuwa limeshapelekwa kwake. Tumekubaliana nirudi baada ya mwezi, tusome majina yale tena pamoja, tuone nani ametoka katika orodha na nani ameingia.

Daftari hilo ninalo hapa ninapoandika. Ukurasa wake wa kwanza nimeandika hesabu mbili za mama yangu, ya karatasi na ya mwiko. Ukurasa wa pili nimeandika jina la bibi wa Uzaramo, na mbele yake vile vyoo vya kweli tu, kwa kadiri ninavyovikumbuka. Nimechelewa zaidi ya miaka hamsini. Kwa walimu vijana, na kwa kila anayetumwa na daftari kwa watu, nasihi yangu ni hii: ukiambiwa umehesabu kuta, rudi siku hiyo hiyo.